Kwani Nani Alihesabu Hayo Maduara ya Atomu?

Kuna mchoro mmoja ambao ukisomea Kenya huwezi kuukwepa. Nukta katikati, maduara kuizunguka, na misalaba midogo imepangwa juu ya kila duara kama abiria kwenye viti vya matatu. Wawili ndani, wanane wanaofuata, wanane tena. Sodiamu 2.8.1. Klorini 2.8.7. Kalsiamu 2.8.8.2. Unaweza kuwa umesahau kila kitu kingine cha kemia, lakini huo wimbo bado uko kichwani.

Maoni yangu, na najua kuna watu watanuna: huo mchoro tunafundishwa kinyumenyume. Tunapewa jibu kabla hatujasikia swali. Halafu tunashangaa mbona vijana wanaikimbia sayansi kama wachuuzi wanavyokimbia kanjo.

Nalisema hili kwa sababu ya binamu yangu. Yuko Gredi ya 9, na wenye wadogo nyumbani mnajua maana yake: ni mwaka wa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu. STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Shangazi alinipigia simu usiku, sauti ya chini, ile ya mzazi asiyetaka mtoto asikie chumba cha pili. "Mwanangu, hebu ongea na mwenzako. Anasema STEM hataki hata kuisikia, na ni yeye alikuwa anafungua redio zangu zote akiwa mdogo."

Nikaongea naye. Wala hakuwa amefeli. Daftari lake ni safi, maduara yamechorwa kwa bikari, misalaba imehesabiwa vizuri. Shida ilikuwa swali moja. Siku waliyochora sodiamu aliinua mkono akauliza: kwani nani alihesabu hayo maduara, na aliyaona na nini? Akajibiwa kwamba hilo haliko kwenye mtihani. Darasa likacheka, akakaa. Na hapo akafikia uamuzi wake kimyakimya, kwamba sayansi ni ya watu wanaoweza kumeza kitu bila kuuliza kimetoka wapi, na yeye si mmoja wao.

Manze. Hilo swali ndilo somo lenyewe. Watu wazima wenye akili kali walihangaika nalo miaka na miaka, na jibu lake ni tamu kuliko mchoro.

Jibu ni hili: hakuna aliyeyaona. Hakuna mtu aliyewahi kuchungulia ndani ya atomu akakuta elektroni zimekaa kwa maduara kama watu kwenye foleni ya benki. Kilichoonekana ni mwanga. Maduara yote tuliyokariri yalisomwa kutoka kwa rangi.

Anzia jikoni. Jiko la gesi limewashwa, mwali ni wa samawati. Sufuria ya githeri iliyotiwa chumvi inafurika, matone yanagusa moto, na ghafla mwali unageuka manjano. Kila mtu ameiona hiyo, hata yule ambaye kazi yake jikoni ni kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Ile manjano si ya maji wala ya maharagwe. Ni sodiamu iliyo ndani ya chumvi. Na sasa kitu cha ajabu: chukua chumvi ya Malindi, chukua magadi kutoka Ziwa Magadi, chukua chumvi ya nchi yoyote unayotaka, itie motoni. Ni manjano ile ile. Ukiipima, urefu wa wimbi lake ni karibu nanomita 589, kila mahali, kila siku. Sodiamu haiamki Jumatatu ikaamua leo itawaka kijani.

Mbona? Hapo ndipo penye mzigo. Lakini sodiamu ina elektroni 11, na ukianza na elektroni 11 utaumwa na kichwa. Twende kwa atomu rahisi kuliko zote, hidrojeni: protoni moja katikati, elektroni moja, basi. Hata familia ndogo kuliko hiyo haipo.

Weka gesi ya hidrojeni ndani ya mrija wa kioo, pitisha stima, itang'aa rangi ya waridi. Pitisha huo mwanga kwenye prizimu. Ungetarajia upinde wa mvua, si ndio? Hupati. Unapata mistari michache myembamba yenye giza katikati yake. Minne unaweza kuiona kwa macho: mwekundu kwenye nanomita 656, wa samawati-kijani kwenye 486, na miwili ya zambarau kwenye 434 na 410. Kati ya mwekundu na ule wa samawati-kijani hakuna machungwa, hakuna manjano. Atomu ya hidrojeni haina rangi hizo.

Mtu wa kwanza kupata mpangilio wa hizo namba nne hakuwa profesa mkubwa wa fizikia. Aliitwa Johann Balmer, mwalimu wa hisabati katika shule ya wasichana huko Basel, Uswisi. Mwaka wa 1885, akiwa na miaka 60, alitoa fomyula fupi inayozaa namba zote nne kwa kutumia 3, 4, 5 na 6 zikipigwa mraba. Mzee hakujua kwa nini inafanya kazi. Asingeweza kujua, maana elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa; J. J. Thomson aliitambua mwaka wa 1897. Balmer alikuwa tu ameona kwamba mwanga unahesabika. Nampenda sana huyo mzee.

Halafu mambo yakaharibika kidogo. Mwaka wa 1911 Ernest Rutherford alionyesha kwamba atomu ina kiini kidogo sana katikati na elektroni ziko mbali nje. Safi, ila kulikuwa na shida moja kubwa. Kwa sheria za fizikia za wakati huo, elektroni inayozunguka kiini inapaswa kutoa mwanga mfululizo, ipoteze nishati, na kuanguka ndani ya kiini kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Yaani kwa sheria hizo chapati haiwezekani. Meza haiwezekani. Wewe unayesoma hapa ungekuwa umeporomoka kabla ya kumaliza kupepesa jicho.

Niels Bohr, kijana wa Denmark mwenye miaka 27, akaja mwaka wa 1913 na jibu la kiburi kidogo. Alisema elektroni haina ruhusa ya kuwa popote inapotaka. Ina ngazi fulani tu za nishati. Ikiwa kwenye ngazi yake, haitoi mwanga. Inatoa mwanga pale tu inaposhuka kutoka ngazi ya juu hadi ya chini, na rangi ya huo mwanga inategemea tofauti kati ya ngazi hizo mbili. Alipoweka hesabu yake kando ya fomyula ya Balmer, zikalingana. Zile 3, 4, 5 na 6 za mzee wa Basel zilikuwa namba za ngazi ambazo elektroni ilikuwa inaanguka kutoka kwazo, zote zikitua kwenye ngazi ya 2.

Sasa kuna sehemu inayowachanganya watu wengi, na ilimchanganya binamu yangu pia: nishati za hizo ngazi zinaandikwa kwa alama ya kutoa. Ngazi ya 1 ya hidrojeni ni −13.6. Ya 2 ni −3.4. Ya 3 ni −1.5, ya 4 ni −0.85. Kipimo kinaitwa elektronivolti, usijali sana. (Unagawa 13.6 kwa namba ya ngazi iliyopigwa mraba, ndiyo fomyula yote.) Swali likawa: nishati inakuwaje chini ya sufuri?

Nikamwambia, hiyo ni Fuliza.

Elektroni iliyoshikwa na kiini ina deni. Ikiwa ngazi ya 1, inadaiwa 13.6. Mtu akiitumia 10.2, deni linapungua, inabaki kudaiwa 3.4, na hapo iko ngazi ya 2. Ikilipa deni lote hadi sufuri, iko huru, inaondoka kabisa kwenye atomu, na tunasema atomu imeionishwa. Na ikishuka tena kutoka ngazi ya 3 hadi ya 2, inaongeza deni kutoka 1.5 hadi 3.4, kama 1.9 hivi. Pesa ya mkopo imeenda wapi? Imetoka nje kama mwanga. 1.9 ndiyo ile nyekundu ya nanomita 656. Kutoka ngazi ya 4 hadi ya 2 ni 2.55, ndiyo samawati-kijani. Kutoka ya 2 hadi ya 1 ni 10.2, kubwa mno, macho yetu hayaioni. Tofauti na Fuliza ni kwamba elektroni haitozwi ada ya kila siku.

Kitu kingine: elektroni haipokei malipo nusunusu, wala mwanga haurudishi chenji. Elektroni iko ngazi ya 1, mwanga unakuja na 10.2 kamili, inapanda. Mwanga ukija na 11, ambayo haifikishi kwenye ngazi yoyote, unapita tu kama matatu iliyojaa. Ukija na 14, deni la 13.6 linalipwa na elektroni inaondoka na 0.4 mfukoni. Ndiyo maana mistari ni myembamba vile, na kuna giza katikati. Giza ni mahali ambapo hakuna tofauti yoyote ya ngazi inayofika.

Rudi sasa kwa sodiamu yako jikoni. 2.8.1. Ile 1 ya mwisho, ile tuliyoandika tukaenda zetu, ndiyo inayowaka kwenye jiko la gesi. Joto la moto linaisukuma juu hatua moja, inarudi, na inaporudi inatoa kama elektronivolti 2.1, ambayo macho yetu yanaiita manjano. Zile mbili na zile nane za ndani zimeshikwa sana, moto wa jiko hauzifikii. Kwa hivyo mchoro si uongo. Ni kitabu cha madeni kilichochorwa kama picha. Kosa ni kumwambia mtoto kwamba ndivyo atomu inavyoonekana.

Kwa sababu haionekani hivyo. Hata Bohr alikwama haraka. Hesabu yake inaenda vizuri kwa hidrojeni, lakini heliamu, atomu inayofuata, ina elektroni mbili, na hizo mbili zinasukumana. Fomyula ikakataa. Ondoa elektroni moja, ibaki heliamu yenye elektroni moja tu, na hesabu inarudi sawa kabisa: 13.6 mara nne, 54.4. Lakini kuitoa ile ya kwanza kunahitaji 24.6, namba ambayo Bohr hakuweza kuipata kwa mtindo wake. Elektroni mbili tu, na nadharia nzima inatokwa na jasho.

Suluhisho lilikuja miaka ya 1920. Louis de Broglie, Mfaransa, alipendekeza mwaka wa 1924 kwamba elektroni ina tabia ya wimbi. Ukishaelewa hivyo, ngazi zinaacha kuwa amri za Bohr. Fikiria uzi wa gitaa au wa nyatiti. Umefungwa ncha zote mbili, kwa hivyo ukiupiga wazi hauwezi kutoa kila sauti duniani, unatoa zile tu ambazo mawimbi yake yanaingia kamili kwenye huo urefu. Elektroni iliyofungwa karibu na kiini ni hivyo hivyo. Wimbi lake lazima lienee sawasawa, na mienendo inayotosha ni michache. Mwaka wa 1926 Erwin Schrödinger akaandika mlinganyo wake, na maduara yakayeyuka yakawa mawingu: mahali ambapo elektroni ina uwezekano mkubwa au mdogo wa kupatikana. Kwa hidrojeni, nishati zikabaki zile zile. −13.6, −3.4, −1.5. Picha ilibadilika, daftari la madeni halikubadilika.

Heliamu yenyewe, kwanza, ilionekana juani kabla ya kupatikana duniani. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na Jules Janssen alikuwa Guntur, India, akiupima mwanga wa pembeni mwa jua. Mwaka huo huo Norman Lockyer aliuchunguza pia kutoka Uingereza. Kulikuwa na mstari wa manjano karibu na ule wa sodiamu lakini si wenyewe, ulikuwa kwenye 587 na kitu. Hakuna kitu kilichojulikana duniani kilichokuwa na mstari huo. Wakakipa jina kutoka neno la Kigiriki la jua. Ilipita hadi 1895 ndipo William Ramsay akakipata hapa chini, kwenye madini ya urani. Miaka 27 watu walikuwa wanaijua atomu kwa rangi yake tu, kama vile unavyomjua jirani kwa sauti ya viatu vyake kwenye ngazi.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi, na ndiyo niliyomsimulia binamu yangu mara mbili, ni ya Cecilia Payne. Mwingereza, alizaliwa mwaka wa 1900, akaenda Harvard, Marekani, mwaka wa 1923 kwa sababu kwao mwanamke hakuwa na njia ya maana katika unajimu wa kisayansi. Wakati huo watu waliamini jua limeundwa na vitu kama vya dunia: chuma, silikoni, na kadhalika. Waliangalia mistari kwenye mwanga wa jua, wakaona ya chuma imejaa tele, wakahitimisha hivyo.

Payne aliuliza swali la ngazi. Mistari ya hidrojeni tunayoiona kwa macho inahusu ngazi ya 2. Ili atomu ya hidrojeni ichore mstari huo kwenye mwanga wa jua, elektroni yake lazima iwe tayari imepanda ngazi ya 2, na kupanda huko kunagharimu 10.2. Uso wa jua una joto la karibu nyuzi 5,500 za Selsiasi. Kwa joto hilo, hidrojeni zilizopanda ni chini ya moja katika kila milioni mia moja. Wengine wote wako ngazi ya 1, hawaonekani. Sasa, kama kundi hilo dogo hivyo linaweza kuchora mistari inayoonekana wazi, umati mzima ni mkubwa kiasi gani? Akitumia hesabu zilizotokana na kazi ya Meghnad Saha, Mhindi, Payne alipata kwamba jua na nyota ni hidrojeni kwa wingi usio na mfano, kisha heliamu, na vingine vyote ni kama chumvi kwenye ugali.

Mwaka wa 1925, akiwa na miaka 25, alitaka kulisema hilo kwenye tasnifu yake. Henry Norris Russell, mmoja wa wakubwa wa fani hiyo, akamwambia haiwezekani. Payne akaandika ndani ya kazi yake mwenyewe kwamba matokeo hayo karibu hakika si ya kweli. Miaka minne baadaye, Russell mwenyewe alifika kwenye jibu hilo hilo kwa njia nyingine na kukiri kwamba Payne alikuwa ametangulia.

Binamu yangu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa hiyo swali yake ilikuwa kwenye mtihani?" Nikacheka hadi shangazi akaja kuangalia.

Tulifanya pia jaribio, na hili unaweza kulifanya leo bila maabara. Tafuta CD au DVD ya zamani, sisi tulitumia moja ya sinema za DJ Afro. Mistari yake midogo inatenganisha rangi kama prizimu. Zima taa zote isipokuwa moja ndogo, iangalie kwa kuakisiwa kwenye sahani, uigeuze polepole. (Jua usilijaribu hata kwa utani, utaharibu macho.) Mshumaa ulitoa upinde wa mvua usiokatika. Balbu mpya ya LED pia, karibu. Halafu tukachomeka enaji seva ya zamani, ile imejipinda kama konokono. Upinde ukakatika vipande. Kijani kikali peke yake, samawati peke yake, na weusi katikati. Sehemu ya kile kijani inatoka kwa zebaki iliyo ndani ya balbu, nanomita 546, elektroni zinashuka ngazi zake. Kwa hivyo balbu ikipasuka fungua madirisha, usiiguse mkono mtupu.

Alikaa nayo muda mrefu. Anageuza, anarudisha. Fomu ya mkondo inatakiwa mwisho wa mwezi na bado hajaijaza, na sitamjazia. Shangazi ameacha kunipigia, sasa anatuma tu alama ya kuuliza.

Ila jana usiku binamu alinitumia ujumbe na swali jipya, na hili ni zito. Duara la tatu lina nafasi 18, amesoma mahali, si nane. Sasa kalsiamu inaachaje viti kumi vitupu kwenye duara la tatu na kwenda kukaa duara la nne? Inakuwaje 2.8.8.2 na si 2.8.10?

Nilimjibu hivi. Kwa hidrojeni, yenye elektroni moja, viti vyote vya ngazi ya tatu vina bei karibu sawa. Elektroni zikiwa nyingi zinaanza kukingana na kiini, na bei zinatengana. Baadhi ya mawingu yanapenya hadi karibu na kiini na kushikwa zaidi, mengine yanabaki nje. Ikifika kalsiamu, kile kiti cha kwanza cha ngazi ya nne kinapenya vizuri kuliko vile viti kumi vya mwisho vya ngazi ya tatu, kwa hivyo elektroni mbili za mwisho zinaishia chini kabisa kwa kwenda "juu". Vile kumi vinaanza kujazwa na skandiamu, namba 21, ile inayofuata tu baada ya orodha yetu ya shule kukatika kwenye 20.